Aliyoomba Kelele Yasomwe Mbele ya Watu

Ndugu, majirani na wana warsha mliofika, poleni na ahsanteni. Tunayemsindikiza leo mlizoea kumwita Kelele, na wala hakuwa akinuna. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa pili wa mlinzi wa usiku na muuza vitambaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro. Jina alipewa na mkunga, aliyesema mtoto huyu amekuja kugombana. Baba alikuwa analala mchana. Basi usingizi wake uliishia siku hiyo.

Alianza shule ya msingi Januari 1973 na kumaliza sekondari 1984. Hesabu zilimpiga chenga mpaka mwisho. Ila kipaza sauti cha shule kilipoharibika hakikutengenezwa tena, maana alikuwepo yeye.

Mwaka 1986 aliajiriwa kunadi viatu mlangoni mwa duka, kisha akajiunga na kikundi cha maigizo. Tarehe 17 Agosti 1991 alimwoa mshonaji wa sare za shule. Mkewe anasimulia kwamba siku aliyomtamkia mapenzi, wateja wa cherehani za jirani walikuja kusikiliza. "Nimekubali," akamwambia, "shusha sauti, jamani!" Walijaliwa binti, ambaye ni mfamasia, na mwana, ambaye ni dereva wa gari la wagonjwa.

Kazi aliyoipenda kuliko zote aliianza 2009, katika ukumbi ulio juu ya duka la rangi. Zilikuwa warsha za maigizo ya papo kwa papo, yasiyo na maandishi: unapanda jukwaani na kichwa chako tu. Waliokuja ni watu wazima wenye usonji, wenye mawazo yasiyotulia mahali pamoja, na wengine ambao ubongo wao una namna yake ya kwenda. Siku ya kwanza mmoja wao alimwambia, "Unaongea sana. Punguza." Akapunguza, kwa dakika moja hivi. Kanuni yake ilikuwa moja: lolote analosema mwenzako jukwaani lipokee, kisha ongeza lako. Watu waliozoea kukatizwa kila wanapofungua mdomo wakajikuta wanapokewa. Walichanua.

Sasa tunafika pale ambapo dada yake mdogo, anayewasomea haya, angependa kuruka. Alikatazwa.

Tarehe 24 Novemba 2018 warsha ilifanya onyesho mbele ya familia. Mwanawarsha mmoja, dada mwenye usonji aliyekuwa mpiga pasi wa duka la dobi, aliigiza abiria aliyekwama kwenye lifti. Ukumbi ulijaa, taa zilikuwa kali, watu walikuwa wakipiga makofi. Dada akasema, "Fungua mlango. Nataka kutoka." Kelele akayapokea kama maneno ya mchezo na kuongeza lake: "Mlango umegoma mpaka utuimbie!" Ukumbi ukacheka. Dada akarudia. Kelele akaenda kusimama kwenye mlango wenyewe wa ukumbi, mikono ameitanua, akaongeza utani mwingine. Dada akaziba masikio, akakaa chini. Watu waliendelea kucheka hadi kaka wa dada huyo alipopita katikati ya viti kumchukua. Hapo ndipo Kelele alipojua kwamba dada hakuwa anaigiza. Sehemu hii yule dada mpiga pasi ameisoma mwenyewe kabla haijachapwa. Alifuta sentensi mbili, nazo zimefutwa.

Siku hiyo Kelele alirudi nyumbani hana sauti. "Nimemfanya mtu kichekesho," alimwambia mkewe, akakataa chakula. Jumatatu akaenda duka la dobi kuomba radhi. Dada hakuacha kupiga pasi.

"Ulinifanya kichekesho mbele ya watu," alisema. "Hapa hakuna watu."

Kelele akaahidi kusema kwenye onyesho linalofuata. Siku ikafika, akapanda jukwaani, akatazama zile nyuso. Alichosema ni kwamba mara iliyopita "kulitokea hitilafu kidogo". Hitilafu! Utadhani ni umeme. Watu wakapiga makofi, na aibu ya kwanza ikazaa ya pili. Toka hapo alibadili kanuni. Mtu akisema "kweli", mchezo unakufa palepale na mlango unafunguliwa. Iliwasaidia wengi, lakini yule dada hakurudi tena, na kila aliyemsifu Kelele kwa kanuni hiyo alimwona anainamisha uso kama mtoto aliyevunja sahani.

Julai 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini. Alitaka apone walau aweze kupanda jukwaani mara moja tena, aombe radhi vizuri. Hakupata nafuu hiyo. Alimwita dada yake aandike.

"Kaka, mazishini watu wanasema mazuri," dada yake akamwambia.

"Mazuri utayasema wewe, mdogo wangu. Haya niandikie, na uyasome kwa nguvu. Usimung'unye maneno kama mimi siku ile."

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 14 Mei 2024, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Maneno yake kwa yule dada mpiga pasi ni haya:

"Ulisema unataka kutoka, nikakuzuia. Uliogopa, nikatafuta vicheko. Haikuwa hitilafu, nilikuwa mimi. Nilipopewa nafasi ya kusema hivyo mbele ya watu, niliona haya kwa ajili ya jina langu, siyo kwa ajili yako. Nakuomba radhi."

Marehemu ameacha mke, binti, mwana, wajukuu watatu, dada mmoja, na warsha inayoendelea kila Jumamosi chini ya binti yake.

Dada tunayemzungumzia amekuja. Marehemu alikataza asiulizwe kama amesamehe, leo wala siku nyingine, na familia inawaomba sana mlitii hilo. Kaka yetu alale salama. Na dada, akitaka kuondoka sasa hivi, tafadhali tumpishe.