Besi ya Nahumu Tweve, Nyuma ya Mlango

Wapendwa waombolezaji, Bwana asifiwe. Anayewasomea ni Filbert, mdogo wa marehemu, elimu yake ni darasa la saba, mtamvumilia.

Nahumu Tweve alizaliwa Bulongwa tarehe 14 Machi 1957, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1966 hadi 1972, na mwaka 1975 akashuka Makambako kupanga mbao kwenye kiwanda cha shirika moja la umma, lililokuwa na bendi ya wafanyakazi. Gitaa la besi alijifunzia hapo, lakini fanki, ule muziki wa Wamarekani weusi wa kuchezeka, aliitoa kwenye kanda ambazo Mzee Hassani, mwenye lori, alikuwa akimletea kutoka Zambia, akaipiga mpaka watu wakasema miguu inaondoka kabla mwenyewe hajaamua.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na Zipora, wakajaliwa Ema, Marcelino na Feliciana.

Mwaka 1991 shirika likafungwa, bendi ikafa, naye akaenda kupiga kwenye baa ya gesti karibu na stesheni ili watoto wale, ndipo wazee wa usharika wakamtenga na Meza ya Bwana, wakisema huwezi kuwapigia walevi Jumamosi, kisha Jumapili ukashika kikombe. Akawajibu kwamba walevi wenyewe anawaona Jumapili, viti vya mbele. Neno hilo hawakumsamehe.

Tarehe 17 Julai 1993 kwaya ilikuwa ikirekodi kanda, muziki ukapwaya, Filbert, aliyekuwa katibu wa kwaya, akatumwa amwite kaka yake, naye akaja. Kwa kuwa ametengwa, alikalishwa kwenye chumba cha vyombo, mlango ukafungwa, waya ukapitishwa chini ya mlango, akapiga nyimbo zote kumi bila kuona uso wa mtu. Karatasi ya kanda aliiandika Filbert, akaweka jina la kila mwimbaji, hata la mama aliyepika uji, la Nahumu akaliacha. Anaungama mbele za Mungu na mbele yenu kwamba hakuna aliyemtuma, aliwaogopa tu wazee. Nahumu aliisoma, akauliza, kwani uji nao umeimba.

Aliugua kifua tangu Februari mwaka huu, akalazwa Bulongwa, akafariki tarehe 9 Agosti 1996.

Jana wazee wale wale wamesema marehemu hakurudi kundini, kwa hiyo asiingizwe kanisani wala kwaya isimwimbie. Lakini kanda ile imepigwa kwenye kila msiba, Makambako mpaka Wanging'ombe, hata misiba ya hao wazee. Miaka mitatu tumefarijiwa kwa vidole vyake, leo yeye mwenyewe ananyimwa hata ubeti mmoja. Ni dhuluma, na Filbert ana sehemu yake humo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomhudumia bila kuuliza kama ametengwa, majirani waliokesha nasi, wenzake wa bendi, na Mzee Hassani aliyemrudisha nyumbani kwa lori lake.

Kwaya imekatazwa, kanda haikukatazwa, na redio ya kaseti ipo. Ikipigwa, tunaomba msizifuate sauti za juu, sikilizeni kule chini, ndiko aliko. Kaka, jina lako limesomwa mbele ya watu wote. Pumzika kwa amani.