Mkeka wa Kwenda Kituoni

Basi la mbao la kwenda mjini lilipojaa, kisiwani Upolu, Pesamino aliukumbatia mkeka wake laini kama mtoto mchanga. Mama mmoja muuza magimbi akajibana kando yake.

"Kaka, mkeka wa harusi huo?"

"Wa msiba. Gari lilimgonga mke wangu, Fetu. Ukoo wa dereva ukaja alfajiri kuomba radhi, ukaketi uani kwangu, dereva kajifunika huu. Nikatoka, nikamfunua."

"Ukasamehe. Mungu akubariki."

"Dereva nimemsamehe. Polisi bado. Kila nikienda kuomba ripoti ya ajali, mkubwa wao ananiambia, 'Mzee, si mlishapatana? Ripoti ya nini tena?' Anasema huku anatafuna."

Mama akaguna. "Na kweli, ya nini? Ukoo wa dereva utadhani umegeuka."

"Kijijini wanasema Fetu alijitia barabarani mwenyewe. Alikuwa pembeni, kwenye majani! Dereva alikiri. Nataka iandikwe."

Mama akasogeza kikapu chake kisimwumize goti.

"Sasa mkeka?"

"Nakwenda kuketi mlangoni kwao nimejifunika. Tuone mkubwa gani atatoka kunifunua."

"We kaka! Anayejifunika ni mkosaji!"

"Wenye kosa hawajui hata kuketi. Acha nikawafundishe."

"Jua hili litakuua bure, na wao wako kivulini."

Basi likasimama mbele ya kituo cha polisi. Mama alishuka naye, bado anambishia, ameishika ncha ya pili ya mkeka usiburuzike chini.