Mashini Iliyomutazama Mama Vahwere

Weye, mashini ikikutazama machoni kisha isiseme kitu, utajihesabu muzima ao mugonjwa? Swali hilo lilikuwa linachemka kwenye banc ya Micheline, pale Rwambuzi: ubao juu ya matofali, thermos ya kahawa katikati, na ukutani calendrier ya kliniki. Picha yake kila mtu aliijua. Mama Vahwere, mushonaji wa uniformes, amevaa pagne ya dimanche, ile ya kanisani, kidevu juu ya mashini mpya ya macho, na directeur pembeni anacheka meno yote. Floribert, mtoto wa huyo mama, aliketi akiipa picha mgongo. Kijiwe kilimpachika jina Licence, sababu diplôme anayo na kazi hana.

Asubuhi hiyo Licence alikuwa na hasira ya kutafuna kikombe. Mama yake alikuwa amegonga bega tena, kwenye mlango anaoupita tangu alipoolewa. Mbele anaona; pembeni kumekuwa giza. Na siku ya inauguration directeur alieleza vizuri kabisa: mashini inapuliza upepo kidogo kwenye jicho, inapima pression. Pression ikizidi inakula macho kuanzia kandokando, polepole, bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Watu wakapiga makofi. Mama akachaguliwa katikati ya umati kwa ajili ya ile pagne, akaweka kidevu, akapigwa picha. Kisha mashini ikavalishwa tena plastique yake isishike vumbi, chumba kikafungwa kwa cadenas, kufuli kubwa. Tangu hapo, ukiuliza, technicien iko njiani.

— Technicien asiyefunzwa na mamaye atafunzwa na Kinshasa, alisema Ministre.

Ministre ni Gauthier. Hajawahi kuongoza hata avenue, lakini koti halivui. Yeye siri ya cadenas alikuwa nayo: mutu akichimba dhahabu miaka mingi, dhahabu inabaki nyuma ya jicho. Mashini inapiga picha kule ndani, wenye kuisoma wanajua filon, mshipa wa dhahabu chini ya udongo, iko wapi. Wanangoja wachimbaji, hapana bamama wa couture.

Kasereka, mutengenezaji wa simu anayeitwa Satellite, alimuonea huruma. Dhahabu ni kidogo, alisema. Kila jicho liko na mistari yake, kama kidole. Wanaituma juu, na siku ya uchaguzi jicho lako linapiga kura weye ukiwa umelala. Akafunga hotuba: macho hayana pazia.

— Ya wakubwa wa kliniki iko na pazia, rideaux mbili, Licence alimkata. Munabasifu bule. Mutu anayeiba macho ya watu angalau anafanya kazi. Hawa balikata ruban, balikula mbuzi, balifunga mulango. Njo siri yote.

— Lakini mama yako alishapimwa, alijibu Satellite. Weye unalia nini?

Hapo ndipo palipouma, maana mama mwenyewe alisema vile vile. Dada ya huyo mama alipotaka kumpeleka Butembo kwa médecin wa macho, alikataa katakata. Miye nilishapimwa, alisema, nangoja majibu. Na kwa kuwa majibu hayakuja, aliamua kimoyomoyo kwamba pengine ni mazuri.

Sasa huyo akaja, mkono mmoja ukifuata ukuta. Wakamsogezea nafasi, Micheline akammiminia kahawa ya mwisho. Mama Vahwere hakuinywa.

— Batoto, niko na swali. Directeur alisema mashini inapuliza upepo. Miye sikuusikia. Jicho langu limekufa mpaka halisikii upepo?

Satellite aliinuka, akasogeza pua kwenye calendrier, akafuata waya wa mashini kwa ukucha, kama anavyofanya siku zote akitafuta penye simu imekatikia. Ukucha ukasimama. Waya ulikuwa umekunjwa, umefungwa, ungali ndani ya kinailoni cha kiwandani. Licence aligeuka akauona. Miezi yote hiyo wamekunywa kahawa chini yake.

— Jicho lako halikukufa, Mama, alisema Licence. Upepo njo haukukuwako.

— Basi nilikuwa nangoja nini?

Licence alichomoa calendrier ukutani, akampa mama yake kiwiko. Micheline aliacha thermos, akawafuata. Satellite na Ministre nyuma. Kwenye portail, geti la kliniki, sentinelle anayelinda alisema directeur iko mu réunion, mu mukutano. Juu, rideau ya dirisha la bureau ilitikisika. Licence akaliinulia dirisha lile picha.

— Bwana Directeur, tunakuona. Fungua chumba, toa plastique, washa mashini. Kama hakuna mwenye anajua kuisoma, useme hakuna, mama aende Butembo leo. Lakini kwanza shuka hapa umuambie kwa mudomo wako kwamba haukumupima. Shuka sasa, angali anaona uso wa mwenye anamuambia.