Soksi ya Mkono Mzima

Asubuhi nilipanda treni pale Kibera nikitaka kusinzia tu, lakini wanawake wawili walioketi mbele yangu hawakunipa nafasi. Mmoja alikuwa ameidaka treni mbio, kiatu kimoja mkononi. Wa pili, mwenye sweta ya maruni, alikuwa wa kuuliza maswali.

"Unamfunga bwana yako mkono?" aliuliza, kwa sauti iliyofika behewa la nyuma.

"Ule mzima," akajibiwa polepole. "Khamala alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Daktari wa mazoezi hutuona kwa video ya simu. Alisema tuuvalishe ule mzima soksi, tuufunge na leso, ndio huu uliolala ulazimike kufanya kazi. Saa moja tu, na nikae hapo nikimwangalia."

"Hayo ni mateso. Huyo daktari amewahi kufika huku kwetu Kambi Muru?"

"Jana Khamala alishika kikombe, mama. Alimwaga chai yote, lakini alishika. Shida ni shemeji yangu wa Kawangware. Ameapa akimpata amefungwa tena, anamrudisha ushago, kijijini kwao. Na leo anakuja."

"Si leo ulimfungua kabla utoke?"

Alifungua mkoba akaitafuta ile leso, asiione, akatoa simu.

"Mpigie basi!"

"Simu kwetu ni moja. Ni hii."

Treni ikasimama mjini. Nikishuka, mke wa Khamala alikuwa amemshika askari wa stesheni mkono, akimuuliza treni ya kurudi Kibera ni saa ngapi.

"Jioni, mama. Zote ni jioni."