Ng'ombe Aliyegeuka Jua

Kijiwe cha Magamba hakina benchi. Kina nguzo ya umeme. Ililetwa na lori miaka ile soko la nchi lilipofunguliwa na kila kitu kikaahidiwa, ikashushwa njia panda pamoja na wapimaji wawili, wakaiandika namba kwa rangi nyekundu, wakanywa chai, wakaondoka. Ukiuliza ofisini unaambiwa mradi unaendelea. Na ni kweli: uliendelea kutoka Magamba, ukapita Soni, ukateremka Mombo, na hakuna aliyeuona tena. Nguzo ikapandishwa juu ya mawe mawili, Selemani akaweka jiko lake la kahawa kwenye ncha moja, na tangu hapo umeme umewafaa watu kwa kukaliwa. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umekaa tangu mwanzo wa wiki kama mgeni asiyejua kuaga, na wazee watatu walikuwa juu ya umeme wao, wakiusema umeme wa mwenzao.

—Ng'ombe mzima wa maziwa! alisema Yusufu, ambaye kwa kuwa hupeleka kabichi Dar na kurudi na mitumba, huitwa Soko Huria. Silvano kamshusha mnadani, kenda Tanga, karudi na kioo cheusi na betri. Haya, tupige hesabu. Ng'ombe anatoa maziwa, anatoa samadi, anatoa ndama. Sola inatoa nini?

—Mwanga, alisema Selemani, akipuliza makaa.

—Wewe chemsha kahawa.

—Umeuliza, nimejibu.

—Mwanga hauzai! Umewahi kuona taa imezaa?

—Ila hanunui tena mafuta ya taa. Na mafuta siku hizi yanapanda bei kabla gari halijapanda kona za Soni.

Hapo palikuwa na ukweli, na kijiweni ukweli hupishwa kama gari la wagonjwa. Wakanyamaza, ukapita, wakaendelea.

—Kwa mujibu wa taratibu, swali si ng'ombe, alisema Emanueli. Huyu alikuwa tarishi wilayani hadi alipostaafu, akarudi nyumbani na lugha yote ya ofisini, ndiyo maana anaitwa Waziri. Swali ni jua. Jua ni rasilimali ya kijiji. Kuna kikao kilichokaa? Kuna muhtasari? Wamebinafsisha viwanda, tumenyamaza. Wamebinafsisha mkonge, tumenyamaza. Sasa mtu mmoja kabinafsisha jua, juu ya bati lake, bila hata mhuri!

—Mhuri wa nani? aliuliza Selemani.

—Wa idara inayohusika.

—Idara ipi inahusika na jua?

—Hilo ndilo tatizo lenyewe.

Mzee wa tatu hakuwa amesema neno. Jina lake Hassani, lakini hata mkewe Sabra humwita Karabai, kwa ajili ya taa yake ya pampu, ya pekee upande ule wa mlima. Harusi, maulidi, arobaini, hata mkesha wa Krismasi wa Walutheri, giza likiingia huitwa yeye. Anapiga pampu watu wametulia, kile kisoksi cha taa kinashika moto, kinaanza kuvuma, nyuso zinatoka gizani moja moja, na aliyezitoa ni yeye. Sinia la kwanza la pilau lilikuwa lake, na kiti chake kilikuwa jirani na cha shehe. Kuiomba taa hiyo kuna adabu yake: haombwi kwa mdomo mtupu, hupelekewa mkungu wa ndizi mbivu mapema katika wiki ya shughuli. Harusi ya Amina, bintiye Mwanaisha, ilikuwa Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi, na nyumbani kwa Karabai hapakuwa na hata ganda la ndizi.

—Mimi simsemi mtu, alisema Karabai.

Wenzake wakasogea karibu, maana ndivyo anavyoanza mtu anayetaka kusema mtu.

—Ila shamba langu limepakana na bati lake. Tangu kile kioo kipande juu, kabichi zangu hazifungi. Zimekaa wazi kama vitabu. Jua likija linapita kwangu mbio, linakimbilia kwake.

—Linavutwa! alisema Soko Huria.

—Si ndiyo kazi yake, kuvuta?

—Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, alisema Waziri kwa uzito. Na jua linatembea mchana kutwa. Jipimieni wenyewe.

Wakajipimia. Hakuna aliyepata kitu, lakini methali ikishatoka haiulizwi ilikokuwa inakwenda.

—Na bandu bandu huisha gogo, aliongeza Soko Huria. Leo kabandua Silvano, kesho atabandua padri, keshokutwa mapeasi yetu yataivia gizani.

—Na ukungu huu, mghoshi, mzee mwenzangu? Waziri alishusha sauti. Kitu kikivutwa sana hutoka jasho. Jua linatoka jasho. Jasho lenyewe ndilo hili.

Akafuta unyevu kwenye kofia yake, akawaonyesha ushahidi kwenye kidole.

—Zamani mvua ilikuwa na wenyewe, alisema Karabai. Mtu akiitaka alikwenda Vugha kwa mfalme mwenye mvua, kwa adabu, ng'ombe wake mbele. Huyu ng'ombe kampeleka mnadani, kenda Tanga, karudi na ukungu.

Walicheka hata nguzo ikatikisika juu ya mawe yake. Selemani naye alicheka. Karabai alijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu Silvano apande ngazi na misumari mdomoni.

—Lakini inawaka, alisema Selemani alipomaliza kucheka.

—Inawaka kwa sasa! Soko Huria alisimama. Wazungu walioitengeneza si wajinga. Kwao jua hawana. Umejiuliza kwa nini wanatuuzia sisi? Wanapanda huku, wanavuna kule! Siku moja tutaamka saa nne, giza. Tutaambiwa jua limeuzwa nje.

—Ili tupate fedha za kigeni, alimalizia Waziri, kwa huzuni ya kiserikali.

Hapo ndipo ukungu ulipofunguka kidogo, akatoka Mwanaisha, na kichwani mwake mkungu wa ndizi. Karabai akaacha kunywa. Pale kijiweni njia inagawanyika: ya kulia inakwenda kwake, ya kushoto inakwenda kwa Silvano. Mwanaisha akasimama katikati.

—Shikamooni, wazee.

—Marahaba, mama Amina.

Akautua mkungu juu ya nguzo, karibu kabisa na goti la Karabai. Ndizi zilikuwa zimeiva kwa madoadoa, harufu yake ikaishinda tangawizi ya kahawa. Karabai akatazama pembeni kama mtu ambaye daktari amemkataza ndizi.

—Wazee wangu, nimekwama. Silvano kasema, kwa ujirani tu, Jumamosi ataleta betri na zile taa zake mbili, uani kwangu kuwe kama mchana. Sikumwomba, kajitolea mwenyewe. Vijana wamefurahi mno. Lakini mimi nautazama ukungu huu. Hivi jua lisipotoka mpaka Jumamosi, zitawaka?

—Haziwaki! alisema Soko Huria.

—Kwa mujibu wa hali ya hewa, haziwezi, alisema Waziri.

—Mmeziona zikishindwa?

Waziri alitazama kahawa yake. Soko Huria alikaa, akautazama ukungu.

—Ndiyo maana namuuliza baba, alisema Mwanaisha, akamgeukia Karabai. Hawa ni watu wa maneno, wanisamehe. Wewe ni mtu wa taa. Ukiniambia hazitawaka, nakata kulia sasa hivi, mkungu huu naufikisha kwa mama Sabra.

Neno moja tu lilitakiwa. Lilikuwa limekwisha kupanda mpaka kwenye ulimi, tamu kuliko ndizi zenyewe. Wenzake walimkodolea macho wakimsaidia kulisukuma. Lakini Karabai, pamoja na yote mnayoweza kumsema, hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu taa. Kisoksi kikitoboka alisema. Mafuta yakiingia maji alisema, hata mbele ya bwana harusi. Na alichokiona, alikiona.

—Zitawaka, alisema, kama mtu anayetema jino.

—Nini? alisema Soko Huria.

—Zitawaka. Ila mwambie asifungulie redio mchana kutwa, inamnywea betri. Na ile taa ya uani, ile anayoiacha inawaka na wao wamo ndani wanakula, aizime kuanzia leo. Akifanya hivyo zitafika alfajiri. Ukungu si kitu. Jana si ukungu ulikuwa huu huu? Na taa ilikuwa nyeupe, nyeupe…

Alitafuta neno, hakulipata mahali alipozoea kuyapata.

—Haina hata moshi, alimaliza taratibu.

Mwanaisha akabandua chane moja ya ndizi, akamwekea mapajani.

—Hii ya ushauri, baba. Na kiti chako kipo pale pale.

Akajitwisha mkungu, akakata kushoto, ukungu ukammeza. Kisha sauti yake ikarudi kutoka ndani ya ukungu, bila ubaya wowote, sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

—Lakini baba, uani kwa Silvano si kuna wigo wa matete pande zote? Taa ya uani umeionea wapi?

Kila mtu wa Magamba anajua kwamba uani kule hakuonekani kutoka popote, isipokuwa ukiwa ndani ya lile zizi ambalo, tangu ng'ombe auzwe, limebaki tupu.

Karabai aliinua kikombe apate mahali pa kuweka uso. Kilikuwa kitupu.

—Niongezee, alisema.

—Imekwisha, alisema Selemani.