Mama Yangu Hakuwa Mchawi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnanijua kama fundi redio wa hapa Rahaleo. Lakini zamani nilitengeneza sinema ya kutisha, na sinema hiyo ilimzika mama yangu angali hai.

Kamera na mashine ya kuonyeshea niliachiwa na mmisionari aliyekuwa akirudi kwao. Wakati huo nilikuwa kibarua bandarini. Hadithi niliiandika mwenyewe daftarini: mwanamke mchawi anafufua wafu na kuwalimisha shamba lake. Kila mwanamke niliyemwomba aigize alikataa. Mama, mjane kutoka Newala, akacheka. "Mwanangu, kama ni mchezo, nitakuchezea mimi."

Nikampaka majivu na unga wa muhogo. Tukapiga picha kwenye mikoko, pale Ruvuma inapoingia baharini, mama amezama matopeni hadi magotini akiwaita wafu kwa mikono.

Ndugu zangu, sinema ile ilitisha! Tuliionyesha mchana ukumbini, madirisha yamezibwa kwa magunia. Haikuwa na sauti, kwa hiyo nilisimama mbele nikisimulia. Na ili watu wazidi kujaa, nikawa natangaza: "Mambo haya ni ya kweli!"

Uongo wangu ukafika Magomeni ya hapa hapa mjini, alikoishi mama. Akikaribia kisima, wanawake wanaondoka na kamba ya ndoo, asiteke maji. Kisha mtoto wa jirani yake, Mama Yohana, akafa kwa homa. Wakasema mama ndiye aliyemla.

Mama akaja kwangu. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Waambie nilikuwa naigiza. Wewe ukisema, wataamini."

"Vumilia kidogo, mama. Wiki hii napeleka sinema Lindi. Nikirudi nitawaambia."

Nilikwenda Lindi. Watu walijaa, nikaunganisha hadi Masasi. Niliporudi nilikuta mlango wa mama umefungwa kwa ndani. Nikauvunja. Alikuwa amekufa siku mbili nyuma, wala hakuna aliyebisha hodi. Kaburi tulilichimba watu wanne tu.

Nikaacha sinema, nikashika pombe. Jina la mama sikuweza kulitamka.

Jumapili moja niliingia kanisani, mdomo ukinuka pombe. Mchungaji alipouliza nani ana neno, miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikasema yote: majivu, unga, uongo wangu. Mama Yohana akapiga ukelele kutoka kwenye benchi lake.

"Kumbe nilimnyima maji mtu asiye na kosa!"

Nikapiga magoti mbele yake. Naye akashuka benchini, akakaa sakafuni kando yangu, akanishika mkono. "Ulinidanganya," alisema, "lakini kumtesa nilimtesa mwenyewe. Tuombe wote wawili."

Hapo, ndugu zangu, Yesu alinifungua! Nililia kilio nilichoshindwa kulia msibani. Tangu siku ile sijagusa pombe.

Mama hakurudi. Huzuni hiyo ninayo, na nitakufa nayo. Lakini namshukuru Mungu, maana sasa naibeba nikiwa nimesamehewa. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu anayeteseka kwa sababu ya kimya chako, mwendee leo akiwa bado anaweza kukusikia. Usiogope aibu. Yesu atakushika mkono. Amina!