Mzee Usipumue na Sura za Safu ya Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mpigapicha wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika Kitengo cha Picha cha chuo hiki. Alianza na filamu na chumba cha giza, anaondoka na kompyuta mbili na miwani minene.

Kila mwaka, kwa picha ya wafanyakazi wote, alitupanga ngazini safu nne: wakuu vitini mbele, mafundi na wapishi nyuma kabisa. Kisha alibana tundu la lenzi likabaki kama punje ya mtama. Tundu likiwa pana, mwanga unaingia kwa wingi, lakini safu moja tu ndiyo inayotoka vizuri, nyingine zinafifia. Likiwa dogo, sura zote zinaonekana, ila mwanga unakuwa haba, hivyo kamera inabidi ikodoe jicho muda mrefu zaidi, na anayetikisika anaharibu. Ndiyo maana alitufokea tusipumue, na jina la Mzee Usipumue likamganda. Mkuu wa chuo aliwahi kupiga chafya, tukaanza upya.

Mwaka mmoja aliugua, kamera nikaishika mimi, msaidizi wake. Kulikuwa na mawingu. Nikafungua tundu lote, nikapiga chapuchapu, wakuu waking'ara nikajiona bingwa. Safu ya nne ilikuwa ukungu mtupu. Aliporudi aliitazama sana ile picha, akaniambia tu kwamba hata wale wa nyuma wana kwao.

Sikumwelewa mpaka alipokuja mjane wa fundi bomba wetu kutafuta picha ya mumewe, amembeba mtoto aliyezaliwa baada ya baba kufariki kwenye ajali. Picha zao zote zilikuwa ndani ya simu ya marehemu, nayo ilipotea siku hiyohiyo. Fundi alikaa nasi miaka miwili, kwa hiyo alikuwa katika picha mbili tu. Kwenye yangu hakuwa na uso. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee akafungua ile aliyoipiga yeye mwaka uliotangulia, akaikuza: safu ya nne, wa pili kutoka kushoto. Kope, kovu la kidevuni, hata kifungo kilicholegea, vyote vilikuwepo. Sikujua kitundu kidogo vile kinaweza kumhifadhi mtu mzima.

Asante, mzee wetu. Wafanyakazi wote tunakuombea afya na siku ndefu pamoja na mama watoto. Yule mtoto sasa yuko darasa la tatu, na mama yake anasema kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, anamuaga baba yake ukutani.